Oili ya Huku Juu

Kaka yangu amemiliki gari moja tu maishani, pikapu, na nadhani aliipenda kuliko alivyotupenda sisi ndugu zake. Aliteremka nayo hadi Mtowisa, kule bondeni, kufuata mchele, mimi nikauuza huku juu Kizwite. Ikifa, biashara yetu wote wawili imekufa. Hilo tulilijua.

Asubuhi za kipupwe Sumbawanga magari ya jirani yalikohoa weee, ya kaka ikawaka mara moja. Siri yake ilikuwa oili nyepesi, na alijisifu kwayo mpaka akatuchosha. Kwa baridi yetu, sawa. Lakini bondeni kuna joto la kuchemsha ubongo, na pikapu ilipandisha mlima na magunia. Huko oili ile ilikuwa nyepesi kama maji, vyuma vikasagana vyenyewe kwa vyenyewe.

Halafu hakuimwaga. Aliongezea tu, kama watu wengi mtaani kwetu, wanaoona kuongezea ndiko kubadili.

“Kaka, mbona nyeusi hivi?” nilimuuliza siku moja.

“Nyeusi, lakini imejaa. Tazama kijiti cha kupimia. Nimwage kitu kizima?”

Kujaa, ilijaa. Oili mpya kidogo juu ya masizi na unga wa vyuma. Kaka yangu ni mbishi, na mbishi mwenye gari hashikiki.

Siku ilipokufa nilikuwa nimekaa pembeni yake. Tulikuwa tunapanda kutoka bondeni, mzigo umejaa, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka na kuzima. Akaigonga kwa kidole.

“Simama basi,” nikamwambia.

“Tukifika juu kwenye baridi itatulia.”

Aliamini kabisa kwamba upepo wa huku juu Ufipa ungeiponya. Injini ikaanza kugonga, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, halafu kimya. Juu hatukufika. Kaka hakushuka, alibaki ameshika usukani akitazama mbele. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nilimwonea huruma mpaka nikalia.

Fundi alipoifungua, beringi zilikuwa zimelika na krankshafti, ule mhimili wa injini, imechimbika. Bodi kaka aliiuza kwa bei ya kutupa.

Sasa anaendesha gari la mtu, njia ileile ya Mtowisa. Oili anaweka nzito inayofaa bondeni, anaimwaga kabla haijaisha nguvu, na filta anabadili papo hapo. Mwenye gari anamsifu kila mahali, na kila nikisikia sifa hizo roho inaniuma.

Juzi nilimkuta amefunua boneti, anafuta kijiti kwa kitambaa safi, taratibu.

“Ungeitunza hivi ile pikapu, kaka...”

Hakukasirika. Alirudisha kijiti, akakitoa tena, akakitazama.

“Ile ilikuwa yangu, dada,” akasema. “Ya mtu ndiyo ya kuogopa.”

Nikamuaga, nikaenda sokoni kununua mchele kwa wenye magari yao.