Zamu ya Mbinya

Mbinya alikuwa na laini mbili za simu. Ya kwanza ilijulikana na kila mtu: ndugu, majirani, mpaka pasta. Hiyo haikulala na pesa hata siku moja. Kaka yake Kiilu akipiga kuomba za mbolea, Mbinya alimtumia ujumbe wa salio la laini hiyo ajionee mwenyewe. Ya pili aliijua yeye na Mungu, na nadhani hata Mungu hakupewa namba ya siri.

Usimwite mchoyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mbinya aliumwa mchana kweupe. Chama chake cha kwanza cha kuchangiana pesa kilikuwa na mweka hazina aliyeitwa Jackie, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kutoa watu machozi. Siku moja Jackie akahama mji wa Ruiru na sauti yake na pesa za watu. Tangu hapo Mbinya hakumwamini mtu yeyote anayejua kuimba.

Kisha uchumi ukaharibika. Kiwanda cha nguo alikoshona kikakata ovataimu, halafu kikakata siku za kazi. Jioni alikuwa akishona sare za shule nyumbani, lakini wazazi nao waliacha kununua mpya. Walileta sweta kuukuu zitiwe viraka vya viwiko, na sketi zishushwe pindo mtoto amalizie mwaka. Mbinya akaacha nyama, akaacha saluni, akajifunga kitambaa kichwani. Majirani wakadhani ameokoka upya.

Yote hayo alikuwa anayafanyia ploti. Alikuwa amevuka arobaini, hana mume wala mtoto, na maisha yake yote ya utu uzima amelala chini ya mabati ya watu wengine. Huko Gatuanyaga, katikati ya vumbi, mzee Musembi alikuwa anauza kipande kidogo cha ardhi. Mbinya alikipima kwa miguu yake, akauliza kwa chifu, akauliza majirani kama mzee ana mke wa pili atakayekuja kudai, akamuuliza hata mwanamke anayeuza maji njiani. Mwishowe akalipa nusu. Nusu nyingine ilitakiwa mwisho wa mwezi, na Musembi hakumung'unya maneno: ukikosa, ploti inaenda kwa mwingine, na ulicholipa usahau.

Nusu hiyo ingetoka kwa chama. Si kile cha Jackie, bali kipya, cha wanawake waliokutana kila mwezi nyumbani kwa mwenye zamu. Mwenye zamu alipika chai na chapati, na kila mmoja alimwekea pesa zake mkononi. Kuleta pesa mkononi ilikuwa sheria ya Mbinya mwenyewe. Hakuna mweka hazina, hakuna kwaya.

Mwezi huo zamu ilikuwa yake, na ndipo usingizi ulipomwisha. Shida ilikuwa Wamboi, ambaye wote walimwita Mama Githae, jirani wa mlango wa pili. Mama Githae alichukua zamu ya kwanza kabisa. Alikuwa akifulia watu nguo mtaa wa Membley, na wenye nyumba wa Membley walikuwa wameanza kujifulia wenyewe. Mtu ameshakula zamu yake na kazi hana, atalipa kwa nini? Mbinya akaanza kumchunga. Akimwona anaongea kwa simu chini kwa chini, moyo ulimdunda. Akimwona anacheka, ulidunda zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Jumapili ya zamu, asubuhi, Mbinya alichungulia dirishani akaona mkokoteni langoni. Wanaume wawili walikuwa wanapakia viti vya Mama Githae, vile vya maua mekundu, na mwenyewe amesimama kando na vitambaa vyake vya kushonwa kwa mkono vimekunjwa kwapani.

Mbinya akampigia Kaluki, mwanachama ambaye zamu yake ilikuwa bado.

"Kaluki, Mama Githae anatoroka! Viti viko kwa mkokoteni saa hii. Ambia wengine tumzuie!"

"Ai! Na si alishakula?"

"Wa kwanza kabisa!"

"Haya, nimesikia."

Mbinya alitaka wanawake waje mbio wamshike mtu. Hakufikiri kwamba kila mmoja angeanza kwa kushika mkoba wake. Yeye mwenyewe hakutoka nje. Aliogopa ugomvi, na chapati ilikuwa motoni.

Mchana chapati zilikaa zimefunikwa, chai kwa chupa, na hakuna aliyebisha hodi. Akapiga simu. Mmoja amezima. Mwingine mtoto anaumwa. Wa tatu atakuja wiki ijayo Mungu akipenda. Mbinya akaketi kitandani.

Jioni ikaja sauti mlangoni. "Hodi, Mbinya! Pole nimechelewa. Kwani wengine wako wapi?"

Alikuwa Mama Githae. Akaingia, akafungua fundo la leso, akaweka noti mezani.

"Ziko zote. Huyo mtu wa viti amenizungusha, ikabidi nikae kwa duka lake mpaka alipe."

"Umeuza viti?"

"Sasa ningefanya nini? Membley wamenipunguza. Na wewe huna wa kukushika mkono, ukikosa hiyo ploti umekosa. Mimi na Githae tutakalia kitanda kwa sasa."

Aibu ilimpanda Mbinya mpaka masikioni. Akamimina chai, akakamata simu.

"Kaluki, Mama Githae hahami! Yuko hapa kwangu, amelipa. Ambia wengine waje!"

Kaluki ana sauti ya kujaza chumba hata kwa simu. "Si ni wewe ulinipigia asubuhi ukasema anatoroka? Sasa jioni hatoroki, kwa sababu unataka pesa zetu. Wee, wacha kwanza tuone." Akakata.

Mama Githae aliweka kikombe chini taratibu.

"Kumbe ni wewe."

"Niliona mkokoteni, Mama Githae. Nikadhani..."

"Uliona mkokoteni. Na mlango wangu hukuuona?"

Mama Githae akasimama, akajifunga leso kiunoni.

"Zamu yako nimelipa. Mimi na wewe hatudaiani."

Akatoka. Mbinya alimfuata mbio uani bila viatu, analia, anamwita, bila kujali majirani. Mama Githae hakugeuka.

"Rudi ndani," alisema. "Umeacha pesa mezani na mlango wazi."

Na Mbinya, Mungu amsamehe, akarudi.