Meza ya Kuning'inia

Advera alizaliwa Sikonge, kwenye familia ya wakulima wa tumbaku, na alipoolewa na Vedasto akahamia Isevya, mjini Tabora. Vedasto alikuwa mpakizi ghalani. Alibeba marobota ya tumbaku tangu ujana hadi siku kiuno kilipokataa, na tangu hapo kazi yake ikawa kukaa barazani na kumtukana mkewe. Nyumba ililishwa na cherehani. Advera alishona sare za shule na kanzu za mafrateri wa seminari ya Kipalapala, akiinama kutwa nzima, kwa hiyo naye mgongo ulimuuma. Akilalamika, Vedasto alimcheka.

"Wewe umebeba nini? Sindano?"

Mwaka jana mtoto wao Anselm, anayeishi Dar es Salaam, alimtumia baba yake video: mzee wa Kizungu amefungwa vifundo vya miguu kwenye meza, amening'inia kichwa chini, anatabasamu. Vedasto aliirudia mpaka chaji ikaisha. Jumapili iliyofuata Advera alirudi kutoka misa, akakuta pembeni mwa dirisha, mahali pa cherehani, hapana kitu.

"Nimeiuza," Vedasto alisema. "Kesho tunaenda kuchukua meza."

Muuzaji wa vifaa vya mazoezi, kijana aitwaye Shomari, hakuficha kitu. "Mzee, una presha?"

"Sina."

"Maana mwenye presha haimfai kabisa. Damu yote inakimbilia kichwani, hata macho yanaweza kuharibika. Na usining'inie bila mtu wa kukuinua."

Vidonge vya presha vya Vedasto vilikuwa ndani ya mkoba wa Advera. Alifungua mdomo. Vedasto akamkazia macho, naye akaufunga.

Mwanzoni Advera ndiye aliyemfunga miguu, akamlaza, akamwinua. Meza ilimsaidia Vedasto. Maumivu yalipungua, akaanza kupata usingizi. Siku moja Advera akaomba, "Baba Anselm, na mimi nijaribu kidogo. Kiuno kinanikata."

"Ukitaka kuning'inia, kamba ya kuanikia nguo ipo uani."

Advera hakuomba tena.

Asubuhi moja alikwenda mashine kusaga mahindi. Vedasto hakuwa na subira ya kumngoja. Alijifunga mwenyewe, tena akaulegeza ule mkanda unaozuia meza isipinduke mno, akidhani akishuka zaidi atapona haraka. Meza ikapinduka mpaka mwisho. Kwa kitambi chake na kiuno kile, hakuweza kujirudisha.

Advera alimsikia tangu mlangoni.

"Ulikuwa wapi, mwanamke? Niinue!"

Alitua ndoo ya unga, akavuta kigoda, akaketi mbele ya uso wake. Mishipa ya shingo ilikuwa imevimba.

"Niombe vizuri."

Vedasto akamtukana yeye na mama yake. Advera akachukua chekecheke, akaanza kuchekecha unga. Matusi yakapungua, yakakoma.

"Mama Anselm, nakuomba. Kichwa kinapasuka."

"Sema mgongo wa Advera unauma."

"Unauma."

"Sema tena. Useme na jina langu."

"Mgongo wa Advera unauma. Niinue, mke wangu."

Hapo hodi ikapigwa. Alikuwa Agnetha, jirani yao, amekuja kuazima ungo. Advera akatoka kumpokea.

"Baba Anselm hajambo?"

"Amelala, dada. Leo amepata usingizi mzuri."

Ndani Vedasto alijaribu kupiga kelele, ikatoka sauti ya kukoroma tu. Agnetha akacheka, "Kweli kalala!" Akapokea ungo, akaenda zake. Advera alirudi kwenye kigoda, akamaliza unga uliobaki, akaufunika. Ndipo akamwinua.

Weupe wa macho ulikuwa umejaa damu. Hospitalini walifanya walichoweza. Jicho la kushoto halikuona tena, na la kulia linaona vivuli. Muuguzi alipouliza alikaa vile kwa muda gani, Advera alijibu, "Sijui, mwanangu. Nilikuwa mashine, nikamkuta hivyo." Vedasto alikuwa kitandani, anasikia kila neno. Hakumkanusha. Atakayemlisha ni nani?

Sasa kila alasiri Advera hulala kwenye ile meza, ameiinamisha kidogo tu. Wakati mwingine kiuno humlegea, wakati mwingine hapana. Anselm hutuma pesa za chakula, na kanisani akina mama wenzake humsifu mbele za watu kwa kumtunza mume kipofu bila kunung'unika. Naye hukubali sifa.

Nyumbani Vedasto hukaa kitini, uso ameugeuzia mlangoni.

"Mama Anselm," huita. "Upo?"

Mara nyingi yupo, amesimama hatua chache kutoka alipo, anamtazama akipapasa hewa kwa mkono. Huacha aite mpaka sauti ianze kutetemeka, kisha hutoka nje taratibu na kuanua nguo.