Fundi wa Vihisi vya Moshi

Fundi aliyetufungia sisi warina asali vihisi vya moshi, vifaa vya kunusa moto na kututumia ujumbe simuni, katika msitu wa Mgori ana vidole virefu, na kila kifaa hukipangusa kwa kiganja kabla hajakifunga mtini, taratibu, kama anampangusa mtoto uso. Sauti yake ni ya chini. Tulipomuuliza kwa nini vifaa vyake hulala muda mwingi, alisema, "Betri, ndugu zangu. Vikikesha, havifiki msimu wa mvua. Vinaamka kidogo, vinapokezana habari, vinalala tena." Tukaridhika.

Mchana mmoja wa kiangazi tulimkuta mama Theodora, mrina asali mwenzetu, ameketi kando ya njia, anakohoa, kitenge kimeungua pindo. Nyuma yake mizinga yetu yote ilikuwa majivu. Fundi, aliyeuona moshi kwa mbali, alifika mbio na pikipiki, akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo mama. Umeumia?" Kabla mama hajajibu, simu zetu zikalia mifukoni kwa pamoja: moshi umeonekana msituni. Moto ulishapita, na ujumbe ndio kwanza unafika, kwa kuwa kila kifaa kilisubiri kingine kiamke ndipo kikipe habari.

Fundi aliikodolea macho simu yake. Mama Theodora akauliza, "Mwanangu, kumbe vilikuwa vimelala?"

"Vililala, mama. Mimi ndiye niliyevilaza."

Akasimama, akakatiza majivu yaliyokuwa bado ya moto kwenda upande ambao haukuungua, akaanza kuviamsha vihisi vilivyosalia kimoja kimoja. Soli za viatu vyake zilikuwa zinafuka moshi. Tulimwita, hakugeuka.