Makaa ya Redempta Hayamwagiwi Maji

Saa mbili asubuhi, na upepo wa Ufipa unavuma kama una ugomvi na watu. Uani kwake Kasense, Manispaa ya Sumbawanga, Redempta Clemens anazunguka pipa la chuma lililozibwa mfuniko. Analigusa kwa kiganja. Bado la moto.

"Mkono unaniwasha kufungua," anasema. "Lakini nikifungua leo, nimejirudisha msituni mwenyewe."

Mama huyu wa miaka 51 alichoma makaa ya miti tangu usichana, hadi gogo lilipomvunja mguu. Sasa anachoma magunzi ya mahindi kwa ajili ya Jafeti, mtafiti kutoka chuo kimoja cha Mbeya. Jafeti huyasaga, huyapitisha tena kwenye joto kali, kisha hujaribu kuhifadhi ndani yake haidrojeni, gesi yenye nishati nyingi lakini ngumu kweli kuitunza.

"Yana vitundu vidogo mno, jicho halivioni," anaeleza Jafeti. "Gesi inajishikiza humo."

Magunia ya kwanza yaliharibika. Redempta alifanya kama mchoma makaa yeyote: aliyamwagia maji, maana makaa huficha moto, na upepo wa huku ukiuamsha utakuta majivu matupu. Maji ya kisima yakaacha chumvichumvi kwenye vitundu, gesi ikakosa pa kukaa.

"Nilimwambia, mama, safari hii hata tone usimwage. Ziba, liache lipoe lenyewe. Yakiharibika tena, mradi wetu utachukua makaa kwingine," anasema Jafeti.

"Jamani! Kuacha moto bila kuuzima? Nilijiona kama nimepata wazimu," Redempta anacheka. Lakini ameziba. Mguu wake hauwezi tena kupanda milima kutafuta miti.

Kesho yake pipa limepoa. Jafeti anafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fungua wewe, mimi naogopa."

Ndani makaa ni makavu, mazima, meusi tii. Wiki kadhaa baadaye Jafeti anapiga simu: gesi imekaa. Ni kidogo, haichemshi hata chai, lakini imekaa, na mradi unataka magunia mengine. Redempta anaketi chini na kulia bila aibu.

Sasa anapanga kuwafundisha wachoma makaa wenzake wa Kasense kuchoma magunzi, waiache misitu ipumue.

"Maisha yangu yote nimechoma makaa, watu wakayageuza majivu," anasema. "Acha na mimi nichome ya kubaki."