Siku Tansy Alipokuja Peke Yake

Lyndell Sorum alikuwa akifika kambini kwetu, jangwani Arizona, kila mwezi wa Novemba, kabla theluji haijafunga barabara za kwao Minnesota. Gari-nyumba lake lilikuwa na urefu wa futi thelathini na mbili na aliliendesha mwenyewe kwa mikono, maana mafuta na breki alikuwa amevihamishia kwenye usukani. Miguu yake ilikufa siku alipopindukiwa na trekta, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mkewe alipofariki, watu wa kwao walidhani atauza ng'ombe akae dirishani kungoja siku zake. Ng'ombe kweli aliuza, akanunua gari.

Alisafiri na Tansy, mbwa jike mweusi aliyefunzwa kazi. Tansy alimwokotea funguo, alimfungulia jokofu, alimvua soksi. Akivishwa kizibao chekundu, yuko kazini, na hapo Lyndell alikuwa na sheria yake: usimguse, usimwite, usimtazame machoni. Sisi wa kambini tuliishika sheria ile kuliko amri za kanisani.

"Sasa tumsalimie nani?" Wendell, jirani yetu, alikuwa akimtania. "Wewe mwenye sura kama tairi la akiba?"

"Nisalimieni mimi. Mimi sina kazi."

Jumamosi moja ya Machi tulikuwa tunakula chapati za maji pamoja, kama kawaida yetu. Nikamdondoshea Tansy kipande cha nyama ya nguruwe. Lyndell alipiga meza.

"Verla! Daktari akiwa anapasua mtu, unamtupia mfupa?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Mimi nimefuga mbwa wewe hujaota hata ndevu."

"Umefuga mbwa wa kubwekea kuku. Huyu ndiye miguu yangu!"

Niliacha chakula changu mezani nikaondoka. Siku nne sikumwamkia.

Siku ya tano, kama saa tano asubuhi, nilikuwa naanua mashuka. Tansy akaja, kizibao kimemkaa, peke yake. Akaketi mbele yangu, akaniwekea mguu juu ya kiatu, akalia kidogo kidogo. Nilijua si kawaida. Hilo sitalificha: nilijua.

"Nenda kwa bwana wako," nikamwambia. "Mimi siruhusiwi."

Nikageuzia uso mashuka yangu. Akazunguka nyuma ya gari la Lyndell, akatokea tena, akaenda kwa mume na mke wa jirani. Nao, wakicheka, wakajifunika macho kwa mikono kama watoto, kumtii Lyndell. Tansy akarudi nyuma ya gari la Lyndell.

Lyndell alikuwa amelala huko kwenye kokoto. Gurudumu la kiti lilizama alipokuwa anashuka, likammwaga chini, upande ambao hakuna aliyemwona. Wendell alimkuta karibu saa saba, shavu na mkono wote wa kushoto vimeungua kwa mawe ya moto, midomo imepasuka. Alikaa hospitali siku kumi na moja.

Ndipo tulipojua kwamba Tansy alifunzwa pia kwenda kuita mtu Lyndell akianguka. Hakuwa ametuambia hata mmoja wetu. Ukiwaambia watu mbwa wako huita watu unapoanguka, umewaambia kwamba unaanguka, na Lyndell hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Binti yake, Karna, alikuja kumtoa hospitali. Nilipeleka supu nikawakuta ndani ya gari, yeye na baba yake na Wendell, na Tansy amelala chini ya meza.

"Baba, mbwa huyu ana miaka tisa," Karna alikuwa anasema. "Amechoka. Amekuacha uungue saa mbili nzima. Tumrudishe kwa waliomfunza, na wewe uje ukae kwenye nyumba ya wazee karibu na mimi."

Lyndell alitazama bendeji yake. "Nilimwona akienda," alisema. "Akarudi bila mtu. Akaenda tena, akarudi bila mtu. Labda alikuwa anazurura tu."

Sijapata kumsikia akisema kwa sauti ndogo vile.

Nikaweka supu chini. "Hakuzurura. Alikuja kwangu. Akanishika mguu, nikamfukuza."

Kisha Lyndell akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwoneni huyu! Miaka kumi na mitatu namjua, hajapata kumtii binadamu. Siku anatii, nusura aniue!"

Wendell naye akacheka. Hata Karna alilegeza uso. Ningeweza kunyamaza hapo na mambo yangepita.

"Sikukutii, Lyndell," nikasema. "Niliona kuna jambo. Nilikuwa bado nina hasira ya ile nyama."

Kicheko kikakatika. Lyndell aliteremsha mkono wake wa kulia chini ya meza akamshika Tansy sikio, akabaki amelishika.

"Basi mbwa tunakwenda naye," Karna akasema.

"Na gari langu?"

"Baba, ukianguka tena hapa, nani atakuja?"

Lyndell alimtazama Wendell, halafu akanitazama mimi. Nilifungua mdomo niseme, "Mimi." Lakini Karna naye alikuwa ananitazama, nikaufunga.

Waliondoka Alhamisi. Karna ndiye aliyeshika usukani, na Lyndell aliketi kiti cha abiria, ambacho sijapata kumwona amekikalia. Tulisimama njiani kupunga mikono. Alimpungia Wendell peke yake.

Mwezi wa Mei Karna alinipigia simu. Alisema nyumba ile ya wazee imemkubali Tansy, na gari limeuzwa. Nikamuuliza baba anasemaje. Akasema haongei sana. Lyndell mwenyewe hajanipigia, nami sijampigia, ingawa namba yake naijua kwa kichwa.