Ulimi wa Kuonja Artemizia

Ulimi wa baba ulikuwa umeharibiwa na tumbako, wa mama na pilipili. Wangu ulibaki mzima, na hilo ndilo lililonifunga.

Baba alipostaafu ualimu alihamia Annexe, pembezoni mwa mji, kulima artemizia, mmea ambao majani yake hununuliwa na kiwanda cha dawa ya malaria. Wanunuzi walitaka majani yenye kiini kingi cha dawa, yetu yalikuwa na kidogo. Baba akaamua tuzalishe mbegu yetu wenyewe: kila msimu tuchague mashina bora, tuyaache yatoe mbegu, mengine tung'oe. Shina bora lilijulikanaje? Kwetu dawa ni uchungu. Tangu utotoni tulinyweshwa vitu vya kukunja uso, na aliyelalamika aliambiwa hapo ndipo inapofanya kazi. Basi shina chungu kuliko mengine ndilo lililobaki, na wa kusema lipi ni chungu nilikuwa mimi.

Siku za kuonja sikugusa chumvi wala sukari. Nilikula bukari, ugali wetu, mtupu, kisha nikapita mstari kwa mstari: jani, kutema, maji, jani. Baba alinifuata na kamba nyekundu, akifunga mashina niliyoyachagua. Alinisifu kwa kila mgeni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa niliongezewa mistari.

Wakati huo nilikuwa nimeshachumbiwa na mwanamume wa Kipushi, fundi wa umeme mgodini, mwenye subira kupita kiasi. Ndugu zake walikwisha kuleta mbuzi wa mahari wa baba, kama sisi watu wa Kasai tunavyotaka. Tulimla, mbwa wakamaliza mifupa, na mimi bado nilikuwa shambani.

"Mwaka huu moya tu, mama," baba aliniambia. "Mbegu ikishika, utaenda."

Mwaka uliofuata alisema vilevile. Barabara ya Kipushi ilipita karibu, na kutoka kwenye mistari yangu niliona vumbi la magari yaliyokwenda kwa mchumba wangu. Nilimpenda baba. Kuna asubuhi nilimchukia, jani likiwa bado mdomoni.

Mwishowe alipeleka majani maabara mjini, na siku ya majibu tulikwenda pamoja. Mama mmoja mwenye koti jeupe alitukalisha.

"Papa, buchungu iko kitu ingine, dawa iko kitu ingine."

Mashina yetu ya kamba nyekundu yalikuwa na kiini kidogo kuliko hata yale tuliyokuwa tunataka kung'oa. Miaka yote hiyo tulikuwa tumezalisha uchungu, na kwa bidii.

Ndani ya teksi baba alikunjakunja karatasi ya majibu mpaka tukapita mtaa wa Makomeno. Nilimwonea huruma, lakini nisidanganye, moyo wangu ulikuwa unacheza. Ulimi wangu haukuwa na kazi tena! Nikaanza kupanga sanduku kichwani: vitenge vipi, sufuria zipi.

Asubuhi nilimkuta tayari shambani, ameshika kamba mpya, za buluu.

"Mama, nimewaza sana. Ulimi yako haikukosea. Ni siye tuliitumia kinyume. Sasa unitafutie ile haina buchungu."

Simkumbuki yule mama wa maabara akisema hivyo, hata kidogo. Niliingia jikoni, nikachukua pilipili ya mama, ile ndogo nyekundu, nikarudi nikaitafuna mbele yake, mbegu na yote. Machozi yalinitoka, kamasi pia. Nikamtolea ulimi autazame.

Aliutazama kwa makini, jinsi alivyotazama jani lenye wadudu. Kisha akaenda kuleta kiti cha plastiki, akanisogezea nikae kivulini, akanipa maji.

"Itapola," alisema kwa upole. "Tutaonja kesho."

Na kesho yake ulimi ulikuwa umepoa.