Kengele Ndani ya Hedifoni

Pale kliniki walimwita Mama Kimya, na jina hilo hakupewa bure. Kazi yake ilikuwa kupima usikivu wa watoto. Mtu akiburuta kiti koridoni wakati wa kipimo, alitoka akampasha bila kumung'unya maneno.

Lakini kwa miezi mitano mkorofi alikuwa chumbani mwake mwenyewe. Kila siku kompyuta ilimfungulia kidirisha: toleo jipya la mfumo liko tayari, weka sasa au nikumbushe baadaye. Pa kusema sitaki hapakuwepo. Naye hakutaka, kwa kuwa programu ya kupimia haikuelewana na toleo hilo. Waliotengeneza mashine walikuwa wameandika barua kuonya. Alimweleza fundi wa kompyuta mara tatu. Mara zote fundi alimjibu abonyeze "baadaye", aendelee na kazi.

Asubuhi moja aliletwa binti wa miaka minne ambaye nyumbani walishamwita mkaidi, eti akiitwa haitiki. Safari mbili za kwanza alikuwa amekataa hedifoni katakata. Siku hiyo alikubali. Akakaa na kopo mapajani. Kila akisikia mlio, anatumbukiza shanga. Milio mizito aliipata yote. Ilipofika zamu ya ile myembamba, aliinamisha kichwa, akaitafuta.

Hapo kidirisha kikajitokeza. Kengele yake haikujua habari za vipimo. Ililia kwa nguvu zake zote, masikioni mwa mtoto.

Binti aling'oa hedifoni, shanga zikatapakaa sakafuni, akalia mpaka pumzi zikamkata. Mama yake alimbeba, akasema taratibu kwamba wamechoka, wakaondoka.

Mama Kimya alipanda ngazi damu ikimchemka. Alimkuta fundi na chai yake, akamwambia ainuke, na kwa jinsi alivyotazamwa, fundi akamfuata hadi chumba cha vipimo. Alimkalisha kwenye kiti kidogo cha watoto, akamweleza yaliyompata binti, akamvika hedifoni, akaifungulia kengele ileile, kwa sauti ileile. Fundi alishtuka, goti likagonga meza.

"Dada, hii ndiyo aliyosikia mtoto?"

"Ndiyo hii. Na wewe uliniambia nibonyeze baadaye."

Fundi akaanza kueleza habari za usalama na maagizo ya wakubwa. Mama Kimya alimkatiza: marekebisho ya usalama yaje jioni watu wakishatoka, hayo hajayakataa. Ila kidirisha kile hataki kukiona tena, na humo chumbani hatoki mtu mpaka kiishe.

Fundi akaifunga kompyuta isivuke toleo ililokuwa nalo, akazima taarifa zote, akanyamazisha sauti za mfumo. Ilimchukua dakika kumi na mbili. Dakika kumi na mbili, baada ya miezi mitano! Alipoomba radhi, Mama Kimya alimpa namba ya simu ya yule mama, akasimama pale pale mpaka fundi alipoongea naye.

Walirudi baada ya wiki tatu. Binti alikataa hedifoni mpaka mama yake alipozivaa kwanza. Milio mizito aliisikia. Ile myembamba, inayobeba sehemu kubwa ya maneno ya watu, haikumfikia kabisa. Atahitaji vifaa vya kusikia. Hakuwa mkaidi.

Mama yake alimvuta karibu.

"Na mimi nimekuwa nikimchapa," akasema. "Hata juzi."

Mama Kimya alimshika mkono. Moyoni alizipiga hesabu zile wiki tatu zilizopotea, na hasira ikampanda upya.